Faroma ya Bwanaheri

Siku hizi kofia hufika sokoni kwa marobota, zimeshonwa kwa mashine, na vijana huzivaa wakajiona wamependeza. Sisemi kitu. Mimi Biubwa binti Rehani nilishona kofia za viua hapa Bagamoyo tangu Mwingereza yuko, tundu moja moja kwa sindano, na mume wangu Bwanaheri hakuvaa kofia ya mkono mwingine. Nazikumbuka zile alasiri uani kwetu, kitambaa cha bafta kimelala mapajani, yeye akitoka dukani kwake na kuniuliza nimefika wapi. Ningepewa alasiri moja tu ya zile, nisingeomba kingine.

Kofia ikishafuliwa na kutiwa wanga huvikwa faroma, yaani kipande cha mti kilichochongwa kwa kipimo cha kichwa cha mwenyewe, ikaukie hapo isirudi. Faroma ya Bwanaheri ilichongwa wiki ya harusi yetu. Kila Idi nilimpa kofia mpya, na kila Idi ilimkaa.

Mpaka Idi moja, miaka ya hamsini mwanzoni, kofia ikagoma. Ilikaa juu ya utosi kama kifuniko cha birika. Nikaona haya, nikadhani wanga umenizidi. Nikashona nyingine kwa miezi, nikaivika faroma, ikaenea bila kasoro. Kumpelekea mwenyewe, ikagoma vilevile. Bwanaheri akaigeuzageuza mikononi. Siku hizo alikuwa mkali, kichwa kinamuuma kila kukicha, jasho linamtoka bila kazi, na sauti imekuwa nzito.

"Kofia hii umeivika faroma ya kichwa cha nani, Biubwa?"

"Chako. Ulikuwepo ikichongwa."

"Yangu umeibadilisha. Unamshonea mwanamume mwingine, mimi waniletea zilizomkataa."

Nilicheka, na kicheko kikamuudhi zaidi. Kichwa cha mtu mzima hakikui, hilo hata mimi nililijua, na faroma ilikuwa ileile. Hasira zikampanda, akanipa talaka moja. Mji mzima ukapata habari kabla ya magharibi, maana kwetu kofia ya mume ndiyo sifa ya mke. Nikafunga nguo zangu nikaenda Mlingotini kwa kaka yangu Alawi, kukaa eda. Eda ikiisha hajanirejea, basi ndoa imekufa, na mimi nimebaki na jina la mwanamke aliyewashonea wanaume wa nje kofia. Nilimchukia, na nilimlilia, vyote pamoja.

Eda ilikuwa ukingoni aliposimama mlangoni kwa Alawi, rafiki yake Dadi amemshika mkono. Nilishtuka kumwona. Taya limemtoka mbele, pua imepanuka, visigino vimezidi makubadhi. Nilikuwa nimesimama kando ya mlango, ubavuni mwake kabisa. Hakunitazama. Nikasema moyoni, kibri gani hiki!

"Shemeji," alimwambia Alawi, "nimetoka hospitali Dar es Salaam. Pete ilinizamia kidoleni, Dadi akanipeleka ikakatwe. Daktari akanishika mikono, akanitazama uso, akaniuliza kama viatu vyangu vya zamani bado vinaniingia. Anasema chini ya ubongo pana tezi ndogo, mfano wa punje ya mbaazi. Hiyo ndiyo inayopeleka amri kwenye damu: mtoto akue, mzazi atoke maziwa, tezi nyingine zifanye kazi au zipumzike. Yangu imeota uvimbe, haiachi kuamrisha mwili ukue. Mifupa ya mtu mzima hairefuki tena, basi yangu inanenepa. Mikono, miguu, taya, hata fuvu."

"Dawa je?" Alawi akauliza.

"Hapa hawana. Lakini sikuja kwa hilo. Kofia zilikuwa sawa, shemeji, ni mimi niliyezidi. Nimemdhulumu Biubwa, nimekuja kumrejea. Niitie, kama atakubali kutoka."

Alawi akanitazama mimi, akamtazama yeye. Nilikuwa karibu kiasi cha kumgusa bega. Dadi ndiye aliyenisogelea akaninong'oneza: ule uvimbe umekandamiza mishipa ya macho. Ubavuni haoni kitu, anaona mbele tu, na mbele nako kunapungua.

Nilikuwa nimemwekea maneno makali, nimeyapanga miezi yote ile. Sikuyaona yalikokwenda. Nikazunguka nikasimama mbele yake. Akanitazama sana, akatabasamu kwa meno yaliyoachana.

"Umekonda, Biubwa."

"Na wewe umeota kichwa," nikamwambia, nikalia.

"Twende nyumbani, mke wangu. Nikutazame kabla macho hayajafunga."

Nikaingia ndani kuchukua buibui langu, kwa haraka nikalivaa ndani nje.