Fonti ya Upepo

Mchoraji mabango wa mtaa wetu tulimwita Upepo, kwa sababu herufi zake nene zililala mbele kama watu wanaoikimbia mvua. Siku moja aliandika MBIO kwenye mlango wa duka la viatu, ikabidi mwenye duka aufunge mlango kwa kamba usije ukaondoka. Anayebisha aje nimwonyeshe kamba.

Alifanya kazi kwenye duka la mabango la shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe. Shemeji akamwomba amwandikie alfabeti nzima kwa brashi, "ya kumbukumbu tu." Upepo alifurahi kama bibi harusi. Kila herufi aliirudia mpaka karatasi zikafunika sakafu, ndipo akachagua iliyokaa vizuri kuliko zote. Shemeji akazipiga picha, akazitia kwenye kompyuta, zikawa fonti. Ukibonyeza kitufe, mkono wa Upepo unatoka bila Upepo.

"Shemeji, sasa kapumzike," akaambiwa.

"Mashine itaandika kama mimi? Wapi!"

"Haya, tusibishane. Andika KARIBUNI, nami nitatoa KARIBUNI. Tutayatundika mabango yote mawili ghorofani, binti yako asimame ng'ambo ya barabara. Akiujua mkono wako, kazi ni yako. Asipoujua, brashi uziache mezani."

Upepo akacheka hadi akakohoa. "Kwa binti yangu? Umejichimbia kaburi, shemeji." Binti huyo, msichana mkubwa aliyekuwa akitafuta kazi bila kupata, alijifunza kusoma kwenye mabango ya baba yake.

Akaitwa, akaelezwa. Mtaa mzima tukajaa. Akatazama huku, akatazama kule, akatabasamu.

"La kulia! Hilo ndilo la baba. Hilo jingine, mjomba, mashine yako inatetemeka kama ina homa."

Tukaangua kicheko, na mimi nikiwemo. Upepo tu hakucheka. Mashine ilikuwa na herufi alizozichagua mwenyewe kwa siku zake nzuri. Yeye alikuja na mkono wa leo.

"Baba, nimekushindia!" Binti akavuka barabara mbio.

"Utamwambia wewe," shemeji akauliza, "au nimwambie mimi?"

"Umechagua vizuri, mwanangu," Upepo akasema. "Lile zuri ni la mashine."

Binti akajiziba mdomo. "Nilikuwa mbali! Mjomba, niulize tena, tafadhali."

"Jicho la kwanza ndilo jicho. Na lako ni kali, mjomba wako nimelipenda. Kesho njoo ukae kwenye kompyuta."

Binti akamgeukia baba yake. Jikoni kwao hata panya walishahama.

"Nenda," baba akasema, akaweka brashi mezani, moja moja, kama anayelaza watoto.

Binti akaenda. Bango la kwanza alilotoa, kwa zile herufi nene za mlazo, lilikuwa la dukani kwenyewe: HAPA TUNAANDIKA KWA MKONO.