Goti la Bi. Mwamvua

Kila Ramadhani ilipokaribia kwisha, Bi. Mwamvua alikuwa hashikiki. Mwili ulikaa barazani kwake Shinyanga ukichoma vitumbua vya futari, lakini mawazo yalikuwa Geita, kwenye kota za mgodi wa dhahabu, katika ua uliofagiwa ukafagilika, wanawake wamejipanga mstari na pembe za ng'ombe mikononi. Aliyepita na kumwamkia wakati huo alikuwa na kazi ya kusubiri. Marahaba ilikuja kwa kuchelewa, na mara nyingine akaitikiwa mtu mwingine kabisa.

Geita alifika Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vimekwisha, akimfuata mumewe aliyekuwa fundi wa mashine mgodini. Kutoka kwao Pangani walipanda jahazi, kisha treni hadi Shinyanga, bila tatizo. Kutoka Shinyanga wakapanda lori, na lori ndilo lililomponza. Wakati wa kushuka aliteleza, goti la kushoto likagonga bodi, na tangu hapo goti lile likawa na tabia zake. Linatembea vizuri, linatembea vizuri, halafu ghafla linalegea, mwili unazama kidogo, kisha linajirudi. Mwanamke mwenye maringo yake kama Bi. Mwamvua hakuwa tayari kuitwa kiwete. Alijizoeza kuzama taratibu, kwa madaha, uso ukiwa mkavu, hata mtu akidhani amekusudia.

Mtoto hakujaliwa. Katika kota ambako kila mwanamke alikuwa Mama Fulani, watu hawakujua wamwiteje, maana kumwita mke wa fundi kwa jina lake hivihivi kulionekana ni utovu wa adabu. Alipoanza kufundisha lelemama ndipo wakapata njia ya kutokea. Wakamwita Mwalimu. Jina hilo alilipokea kwa mikono miwili na akalilinda kwa wivu, na yeye mwenyewe alijua kwa nini.

Sasa lelemama si ngoma ya kurukaruka. Wanawake husimama mstari mmoja, bega kwa bega, miguu inatambaa, pembe zinagongwa kwa vijiti, na ustadi wote uko katika kujizuia. Na wanafunzi wa Bi. Mwamvua walikuwa Wasukuma watupu, watu waliokulia kwenye ngoma za mavuno ambako mtu anatikisa mabega mpaka vumbi linafunika jua! Kuyatuliza mabega yale kulimchukua mwaka mzima na sehemu kubwa ya sauti yake. Alimpigia kelele Minza, mke wa mchuuzi wa samaki, aliyesilimu alipoolewa. Alimpigia kelele Melania, mke wa Bartholomeo wa karakana, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, aliyekuja siku ya kwanza "kuangalia tu" na hakuondoka tena.

Lakini kelele kubwa kuliko zote ilikuwa ya kichwa.

"Kichwa, Melania! Inamisha kichwa kulia! Lelemama bila kichwa si lelemama!"

Hivyo ndivyo alivyofundishwa na Bi. Zuhura wa Pangani, somo wake, aliyemlea tangu utotoni na kumfunda alipovunja ungo. Bi. Zuhura alicheza huku kichwa kimelala kidogo upande wa kulia, na Bi. Mwamvua aliamini kwamba roho ya ngoma nzima iko pale shingoni. Hata namna ya kufundisha aliirithi kwake. Bi. Zuhura alikagua vichwa na mabega mstari ukiwa umesimama, kisha akawapa wanafunzi mgongo, akacheza, nao wakamfuata kwa nyuma. Ngoma ikishaanza hakugeuka kuwatazama. Alisikiliza pembe, na pembe zikilia pamoja alijua miguu nayo iko pamoja. Bi. Mwamvua alifanya vivyo hivyo, akaridhika kwamba hakuna ufundishaji uliopita huo.

Mwaka ambao haukumtoka moyoni ni ule ambao Idd iliangukia mwezi wa sita. Mavuno yalikuwa ndani, pamba inauzwa, na kila jioni upepo uliwaletea ngoma za vijijini. Habari ikaja kwamba kikundi cha lelemama cha Shinyanga kitakuja Geita kusherehekea Idd. Hao hawakuwa watu wa kujifunzia ukubwani. Walikuwa wake wa makarani na wafanyabiashara waliotoka pwani, na kiongozi wao, Bi. Mwanaima wa Bagamoyo, alisifika kwa mambo mawili, ngoma na mdomo. Bi. Mwamvua akaelewa maana yake. Watu wa Geita hawakuwa na cha kulinganishia, lakini hawa walikuwa nacho. Wakicheka, jina la Mwalimu limekwisha, na jina jingine hakuwa nalo.

Dilip mwenye duka akawaagizia kanga za aina moja. Mazoezi ya Ramadhani yakafanyika alasiri, kimyakimya, bila ngoma kwa heshima ya mwezi, wakihesabu kwa midomo. Zikiwa zimebaki siku chache, homa ikamwangukia Bi. Mwamvua juu ya saumu. Hakuweza kusimama. Akakaa kwenye kigoda pembeni ya ua, akawaambia wacheze peke yao.

Kwa mara ya kwanza akawaona wakicheza.

Vichwa vilikuwa kulia, safi kabisa. Mabega yametulia. Kisha, ubeti ulipofika mwisho, mstari mzima ulizama upande wa kushoto na kuinuka tena. Wote. Minza, Melania, na wale wa mwishoni ambao hata kuhesabu kulikuwa kunawashinda. Waliendelea, na ubeti wa pili ulipokwisha wakazama tena, kwa madaha, nyuso kavu. Hapo ndipo uzito ulipohamia mguu wa kushoto, na ndipo goti lake lilipozoea kulegea kila alipowaongoza. Bi. Mwamvua alijiona akichechemea mara nyingi kwa mpigo mmoja.

"Mnanicheka!" alipiga kelele, homa na yote. "Ninyi nimewafundisha kwa moyo wangu wote, leo mnaniigiza kilema changu? Tokeni! Tokeni uani kwangu!"

Wakaondoka wanatazamana. Aliingia ndani akajifunika kanga gubigubi, akalia, maana kilichomuuma si kuchekwa. Kilichomuuma ni kwamba aliwahesabu kama wanawe, na sasa akaona amejidanganya.

Asubuhi yake wakaja wawili, Minza na Melania. Wakamwamkia wakiwa wamepiga magoti mlangoni kama walivyolelewa makwao.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuwakaribisha ndani. "Marahaba."

"Mayu, tumekosa nini?" Minza aliuliza. Alipobanwa na jambo alimwita mama kwa Kisukuma. "Tumekaa usiku tunaulizana. Hatujui."

"Hamjui? Ile ya kuzama mliitoa wapi?"

"Si kwako?"

"Mimi nilianguka kutoka kwenye lori! Goti langu bovu! Hamkuniona hata nikienda kisimani navyotembea?"

Wanawake wakatazamana. Melania ndiye aliyethubutu, macho chini.

"Tulikuona, Mwalimu. Tulifikiri watu wa pwani ndivyo mnavyotembea."

Bi. Mwamvua alifungua mdomo atukane, tusi likakataa kutoka. Kikatoka kicheko. Alicheka mpaka akashika mbavu, akacheka mpaka machozi yakamtoka upya, na wale wawili wakacheka kwa woga, bila kujua wamesamehewa au la. Kumbe hawakumwigiza kumdhihaki. Walimchukua jinsi alivyo, ngoma na goti, kwa sababu hakuna aliyewaambia wapi moja linaishia na jingine linaanzia.

Lakini kucheka ni jambo moja na Idd ni jambo jingine. "Iondoeni," aliwaambia. "Wageni wasiione."

Wakaiondoa. Kilichobaki kikawa kitu cha kusikitisha. Mwisho wa kila ubeti, palipokuwa na mzamo, sasa palikuwa na shimo, na kila mmoja alilivuka kwa namna yake. Walicheza kama watu wanaopita peku penye miiba. Pembe nazo zikaanza kupishana. Bi. Mwamvua aliliona hilo, akajiambia afadhali kuharibika kidogo kuliko kuaibika.

Siku ya Idd ilianza vizuri, kwa swala na pilau na watoto waliovaa viatu vinavyowabana. Alasiri uwanja wa mpira wa mgodi ukajaa. Wachimbaji walikuja, wake zao wakaja, na wakulima wakashuka kutoka vijijini na ngoma zao za mavuno begani, wakazilaza chini wasikilize za wenzao. Wageni walitangulia kucheza, na walikuwa wazuri, hakuna haja ya kuficha. Walitambaa kama maji. Vichwa vyao vilikaa wima.

Wakati wa kupumzika, Bi. Mwanaima alimsogelea Bi. Mwamvua, tambuu shavuni, akiwatazama wanawake wa Geita waliokuwa wakijinyoosha pembeni na kujaribu hatua.

"Bibi wee, hawa si wa Bi. Zuhura wa Pangani hawa?"

"Umejuaje?"

"Vichwa!" Bi. Mwanaima aligeuka ili wenzake nao wasikie. "Sisi Bagamoyo hatuna hiyo. Mama yangu akisema, wasichana wa Bi. Zuhura utawatambua kutoka ng'ambo ya mto, wote wamezitegea ngoma sikio la kulia. Yule bibi si alikuwa kiziwi wa sikio la kushoto? Basi, akafundisha na uziwi wake, maskini!"

Wenzake wakaangua kicheko.

Bi. Mwamvua alisimama palepale. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alijua kwamba Bi. Zuhura alikuwa kiziwi, Pangani nzima ilijua. Ukiwa na neno la kumwambia ulikwenda upande wa kulia. Ukiwa umevunja chungu, ulinyata upande wa kushoto. Yeye mwenyewe alinyata huko mara ngapi! Alikumbuka mikesha ya Idd za utotoni, somo wake akimsuka nywele na kumpaka mafuta, akiinama na kulaza kichwa kulia ili asikie umbea wa mtoto. Alikumbuka harufu ya mafuta yale. Miaka yote hiyo hakuwahi kuyaweka pamoja, sikio na ngoma. Amewafokea wanawake wa watu kwa ajili ya sikio bovu la bibi mmoja!

Bi. Zuhura alikufa yeye akiwa Geita. Barua ilichelewa, maziko hakuyaona, hata kaburi hakulijua. Na hapa, mbali namna hii, katikati ya Wasukuma ambao hawajaiona Pangani hata kwa ndoto, somo wake alikuwa amekaa kwenye shingo ya Minza. Amekaa kwenye shingo ya Melania. Hapo aibu ikamtoka yote, akabaki na hamu tu ya kumwona tena yule bibi.

Akawaendea wanawake wake.

"Rudisheni goti."

"Goti, Mwalimu?" Minza hakuamini. "Mbele ya wageni?"

"Mbele yao hasa. Zameni mpaka chini. Na mtu akisahau kichwa tutagombana leo leo."

Safari hii hakuwapa mgongo. Alisimama akiwaelekea, awaone. Ngoma zikaanza, pembe zikaitikia, mstari ukatambaa, vichwa kulia. Ubeti ukafika mwisho, mstari ukazama kushoto, wote, na ulipoinuka watu walitoa mguno mmoja. Ubeti wa pili, wakulima wa mavuno walikuwa wameshauelewa mzamo ule na wakausubiri, na ulipokuja vigelegele vikapasua uwanja. Bi. Mwanaima aliacha kutafuna.

"Hiyo ya chini," aliuliza baadaye, sauti imepoa, "hiyo mmeitoa wapi?"

"Ya kwetu," alijibu Bi. Mwamvua.

Watu wa mgodini hawakai. Bartholomeo alihamisha familia Chato akavue samaki, Minza na mumewe wakafuata biashara Kagongwa au Kahama, hakuna aliyekuwa na uhakika. Mume wa Bi. Mwamvua alifariki, naye akarudi Shinyanga kwenye reli, akipanga kila mwaka kwamba mwakani ataendelea hadi Pangani. Vitumbua vikamshika. Goti nalo likaacha tabia zake. Lilikakamaa likawa kama mti, halikunjiki wala halilegei, akawa anaukokota mguu na mkongojo.

Katika miezi ya mwisho mwisho ya miaka ya hamsini alialikwa arusini Kagongwa, kwa jamaa wa mteja wake wa vitumbua. Hakumjua mtu. Alikuwa amekaa mkekani na sahani yake pembe zilipolia nje, na mkono ukasimama kabla haujafika mdomoni.

Alitoka. Wasichana walikuwa wamejipanga uani, wadogo, wengine pengine hawajazaliwa alipoanguka kutoka kwenye lori. Vichwa kulia. Ubeti ukaisha, wakazama kushoto, wakainuka.

"Mmefundishwa na nani?" alimuuliza wa mwisho mstarini.

"Na shangazi, bibi."

"Naye shangazi alifundishwa na nani?"

"Sijui. Ndivyo inavyochezwa." Msichana alimtazama, akamwonea huruma bibi mgeni aliyekuwa akitikisa kichwa peke yake. "Njoo, bibi, ingia."

Bi. Mwamvua aliegemeza mkongojo ukutani, akaingia mwisho wa mstari. Kichwa kikaenda kulia chenyewe. Ubeti ulipofika mwisho wasichana wote walizama, na yeye, kwa goti lake lililokakamaa, akabaki amesimama wima peke yake.

"Bibi, unakosea!" Msichana alimshika kiwiko. "Goti! Lelemama bila goti si lelemama."

Bi. Mwamvua alimshika yule msichana mkono akajiegemeza kwake.

"Nifundishe, mwanangu," alisema.