Taa Iliyomtii Bosi

Begi la kwanza lilikuwa limeshaingia kwenye buti la teksi, la pili limeegemea fremu ya mlango, lakini Bosi mwenyewe alikuwa bado sebuleni, amepiga magoti mbele ya tangi la kioo, simu mkononi, kidole kikipanda na kushuka. Dereva akapiga honi. Bosi, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusubiriwa, akasema atoke mtu akamwambie yule avumilie. Akatoka dada yake. Siku zote aliyetoka alikuwa dada yake.

Bosi hakikuwa cheo. Baba yao ndiye aliyempa jina hilo tangu hajang'oka meno ya utoto, kwa kuwa hata maji ya kunywa alikuwa haombi, anaamrisha. Akakua nalo, akaondoka nalo kwenda kufanya kazi mji wa mbali, na kila aliporudi likizo alirudi nalo limenenepa. Dada yake, mkubwa wake, alikuwa mshona mapazia. Cherehani yake ilikaa chumba cha nyuma, na yeye ndiye aliyebaki nyumbani na mama.

Tangi lilikuwa la baba yao. Si kubwa; mtu mwenye mikono mirefu angeweza kulikumbatia. Marehemu alikuwa mzamiaji bandarini, kazi yake kukwangua makome kwenye matumbo ya meli, mpaka mapafu yakamgomea. Alipokatazwa kuyafuata maji, akaamua maji yamfuate yeye sebuleni. Akapanga mawe, akakoroga maji ya chumvi, akaweka pampu ndogo ya kuyazungusha, na juu ya mawe akapandikiza matumbawe laini, yale yasiyo na mifupa, yanayoyumba maji yakipita. Mengine yalikuwa madogo ya duara, yamebanana kama vifungo vya shati. Katikati lilikaa tumbawe moja pana, ukingo umekunjamana, rangi ya chai ya maziwa. Hilo marehemu aliliita Kofia, kama mtu. Asubuhi taa ikiwaka, Kofia alichomoza vidole vyake vidogo vidogo mwili mzima, ungedhani ameota manyoya. Jioni akavirudisha ndani, akalala.

Mzee alipolala kitandani moja kwa moja, binti ndiye aliyemuuguza. Mkono huu bakuli la uji, mkono huu kitambaa cha kufutia kioo, maana mgonjwa akiona mwani umetanda kwenye tangi alikuwa hali. Siku moja, pumzi ikiwa bado inamtosha, alimwambia binti yake mbele ya mkewe: "Hili tangi ni lako. Kofia usimwachie mtu." Mama alisikia. Baada ya mazishi akasema yeye alisikia vingine. Saa ya mkononi ya marehemu akachukua Bosi, picha zikaingia chumbani kwa mama, na mshona mapazia hakugombana na mtu. Alikuwa na Kofia. Cha baba yake hakuwa na kingine.

Sasa, taa. Ile ya zamani ilikuwa mirija miwili mirefu, mwanga wake mpole kama wa siku ya mawingu. Bosi aliishusha mwenyewe, akaiegemeza ukuta wa nje, ikateleza ikapasuka, akasema afadhali. Mahali pake akatundika ubamba mweusi mwembamba, taa ya LED aliyokuja nayo, ya mwanga wa bluu, haina swichi wala kitufe. Kila kitu kilikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa yake.

Dada mtu aliporudi kutoka kwa dereva, sebule nzima ilikuwa inawaka kama duka la vito. Kofia alikuwa ameshajikunja.

"Bosi, iteremshe kwanza," akasema. "Hawa wamezoea mwanga mdogo. Anza na robo, halafu uwe unapandisha kidogo kidogo, wiki kwa wiki. Baba alikuwa anasema chini kule jua halikupigi, linakugusa tu."

"Dada, ninunue taa ya nguvu hivi halafu niiwashe robo? Si ningewaletea kibatari?"

Mama alicheka mpaka akashika kiti. Mama alimwita mwanawe "babangu", na chochote babangu alichosema kilikuwa na utamu. Mshona mapazia akaomba basi aunganishwe na yeye, aweze kuipunguza kwa simu yake. Bosi akaitazama simu ya dada yake, akasema hiyo imesoma mpaka kupiga na kupokea, imeishia hapo. Akifika ataona la kufanya. Akambusu mama yake kichwani, akabeba begi, akaenda. Taa ikabaki pale juu, imetoa macho.

Kofia hakufunguka kesho yake, wala keshokutwa. Akavaa utando kama nta, akainamisha ukingo. Vile vifungo vikajifunga vyote. Mshona mapazia akatuma ujumbe kwa simu hiyo hiyo iliyodharauliwa, akatuma na picha. Bosi alisoma, alama za kusoma zilionekana wazi. 

Jibu lisipokuja, mshona mapazia akaenda mtaa wa pili kwa muuza samaki wa mapambo, yule waliyemwita Chumvi kwa jinsi mikono yake ilivyopauka mwaka mzima. Chumvi alikuwa na maneno mengi kuliko samaki, na kwa kuwa mshona mapazia ndiye aliyemshonea mapazia ya duka, alimwita Mama Pazia. Akamweleza kwamba ndani ya nyama ya tumbawe mna vijimea vidogo visivyoonekana, ndivyo vinavyolipa rangi na kulipikia chakula kwa mwanga. Mwanga ukizidi ghafla, tumbawe linavitapika, linabaki jeupe, linakufa njaa huku taa inawaka.

"Kama huwezi kuishusha taa, izibe," Chumvi akasema. "Tafuta neti ya chandarua, weka tabaka tatu juu ya tangi. Akifunguka, toa moja. Akizoea, toa ya pili. Usiwe na haraka, Mama Pazia. Hawa wakiungua hawalii."

Kwanza alijaribu njia ya mkato: akachomoa waya ukutani, ili Kofia apumzike nusu siku. Hazikupita dakika nyingi, simu ya mama ikalia. Kumbe taa ikikatika, inamsemea kwa Bosi huko huko aliko. Mtu ambaye hakuwa na nafasi ya kujibu ujumbe alikuwa na nafasi ya kuuliza ni nani amezima taa yake. Mama akaurudisha waya kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia binti yake aache kijicho.

Hapo ndipo akaingia chumba cha nyuma. Kazi ya mapazia ilikuwa imemfundisha jambo moja, namna mwanga unavyokubali kupunguzwa na kitambaa. Akakata neti tabaka tatu, akazipinda ukingo kwa uzi mweupe, akatia vishikizo kila tabaka peke yake, ziweze kutolewa moja moja bila kugusa nyingine. Akazifunga chini ya taa. Ilikuwa kazi safi, mteja angeisifia. Na Kofia akajibu. Siku chache, kidole kimoja kimoja, akaanza kutoa manyoya upande wa nyuma. Mshona mapazia alipita pale na kikombe chake asubuhi akakaa chini sakafuni, akamwangalia mpaka chai ikapoa.

Jumapili Bosi akapiga ile simu ya kuonana sura. Alikuwa na wenzake wa kazini na alitaka waone tangi. Mama akasogeza simu, akakuta neti. Akaing'oa.

"Mtoto ameleta mwanga ndani ya nyumba," akasema, "wewe unauvisha sanda."

Binti akamweleza yote aliyoambiwa na Chumvi, vijimea, njaa na kutapika. Maneno yaliingilia sikio hili yakatokea lile. Mama akauliza, huyo muuza samaki anamjua Kofia kuliko mtoto wa mwenye Kofia? Mshona mapazia akataka kusema kwamba na yeye ni mtoto wa mwenye Kofia. Simu ilipokatwa akarudisha neti mwenyewe. Jumapili iliyofuata ikaondolewa tena, na safari hii mama akaahidi kuirudisha, akasahau, au akasema amesahau. Akairudisha yeye, Kofia akiwa ameshajikunja upya.

Mara ya tatu hakuikuta. Akatafuta nyuma ya tangi, akatafuta kwenye kapu la nguo chafu. Akazikuta jikoni. Mama alikuwa amezikata, tabaka moja kafunikia maziwa, moja kafunikia mboga, ya tatu kachujia chai. Ule uzi mweupe ulikuwa bado kwenye pindo, umeshaanza kuwa wa kahawia.

Chumbani kwa mshona mapazia kulikuwa na jora la neti limesimama kwenye kona. Kushona nyingine ilikuwa kazi ya kabla ya chakula cha mchana, tena angeweza kuificha karibu na maji mama asiione. Alilijua hilo vizuri. Lakini kuna hasira haipigi kelele, inakaa tu kama mgeni aliyekataa kuondoka, nayo ilimwambia: acha. Acha waone. Wakishaona, watajua nani alikuwa anasema kweli nyumba hii.

Akakaa kwenye cherehani yake. Alikuwa na mapazia ya ukumbi wa mikutano ya kumaliza. Akayamaliza.

Rangi ya chai ya maziwa ikatoka kwa Kofia kuanzia juu, kama rangi ya nguo iliyofuliwa vibaya. Akawa wa krimu, kisha mweupe kabisa. Mshona mapazia alipita mbele ya tangi akitazama mbele. Alikuwa anasubiri. Alikuwa ameshaandaa na maneno ya kusema, machache, ya kistaarabu.

Jumapili mama akaketi mbele ya tangi na simu yake, akaita kwa furaha.

"Hebu njoo umwone Kofia. Mbona amekuwa mzuri hivi? Amekuwa kama lulu."

Na Bosi kutoka ndani ya simu akasema, "Unaona, dada? Unaona kazi ya taa?"

Chini ya ule mwanga wa bluu, Kofia aliyekuwa anakufa njaa aling'aa kweli. Wenzake Bosi walisikika wakisifu. Maneno machache ya kistaarabu hayakupata mahali pa kuingilia. Mshona mapazia akarudi chumba cha nyuma akashika mkasi wake wa vitambaa.

Aliporudi simu ilikuwa imekatwa. Akazamisha mkono mpaka kiwiko, akamwinua Kofia ukingo. Shina lilikuwa limelegea kama godoro bovu. Lakini upande wa chini, pale jiwe lilipokuwa linaweka kivuli, palikuwa na kipande kisichozidi kiganja cha mtoto, bado kina rangi. Akakikata. Mama alikuwa anamwangalia, akasema sasa umekwenda kumkata na mkasi, ili uje useme ni taa. Mshona mapazia akakitia kwenye kopo la maji ya tangi, akatoka nalo mikononi.

Chumvi alikiangalia kile kipande upande huu na upande huu.

"Na neti?" akauliza.

"Waliitoa."

"Ukashona nyingine?"

Mshona mapazia aliangalia samaki waliokuwa nyuma ya Chumvi. Kulikuwa na mmoja wa manjano aliyekuwa anajikuna kwenye mchanga. Chumvi akasubiri, kisha akaacha kusubiri. Akakifunga kipande kwenye jiwe dogo kwa uzi, akakishusha kwenye kona ya tangi lake la nyuma, mahali penye mwanga hafifu.

Wiki haikuisha, Kofia akaporomoka, maji yakawa meupe, yakanuka, na vile vifungo navyo vikafa kimoja kimoja. Bosi alitoa hukumu kwa simu. Alisema tatizo ni maji, dada alikuwa habadilishi maji, tangi la baba limekufa kwa uvivu. Mama akakubali, na ndivyo majirani walivyoelezwa.

Bosi alipandishwa cheo huko aliko. Picha ya Kofia mweupe aliiweka kwenye simu yake, na bado huwaonyesha watu. Mama yupo. Tangi lilikaushwa, likatiwa maua ya plastiki na bata wa udongo, na ile taa inawaka juu yake mpaka leo, kila siku, kwa saa alizozipanga mwanawe. Mshona mapazia alihama. Amepanga chumba kimoja juu ya duka la viatu, ana cherehani, ana wateja, na mama yake humtembelea mwisho wa mwezi. Huongelea mambo ya afya. Kile kipande kilipona na kikakua. Kisha Chumvi, siku aliyokuwa na wateja wengi, akakiuza pamoja na vingine, bila kukumbuka ni cha nani. Alikwenda mwenyewe kumwambia Mama Pazia, akaomba radhi. Sasa kipande kimo kwenye tangi la chumba cha kusubiria, kwa daktari wa meno, mtaa wa nyuma ya soko. Wanasema kimekuwa kikubwa, na asubuhi hutoa manyoya. Mshona mapazia hajawahi kwenda. Meno yake ni mazima.