Machela Inayovuta Kushoto

Watu wazima wawili, wenye vyeti na watoto, hawasemeshani kwa sababu ya gurudumu. Mimi ndiye msimamizi wa wodi hii, na wameshanifika hapa shingoni.

Mmoja ni nesi wangu, Mama Pacha. Wa pili ni nesi wa chumba cha upasuaji, tunamwita Pasi kwa jinsi sare yake inavyonyooka. Pasi aliazima machela yetu ya magurudumu, ikarudi inavuta kushoto. Mama Pacha akasema mbele ya watu kwamba kule upasuaji hawajui kutunza kitu. Pasi akajibu kwamba wodini hawajui kusukuma. Tangu siku hiyo wamenuniana. Gurudumu lenyewe hakuna aliyeligusa, maana kwa fundi wetu kila siku ni kesho.

Niliwaita ofisini. Wakaniambia hakuna shida, bosi, kisha wakaanza kutumiana watu. Pasi akitaka jambo humtuma mfagiaji, na Mama Pacha hunijibu mimi, kana kwamba mimi ni simu ya mezani. Wakikosa mtu, humtuma mgonjwa.

Leo asubuhi ilipatikana nafasi ya kumpasua bibi wa kitanda cha dirishani, aliyevunjika nyonga. Ameshaahirishwa mara mbili, na daktari wa mifupa anaondoka jioni hii, harudi mpaka mwezi ujao. Pasi alipokuja kutoa habari, Mama Pacha alikuwa anatandika kitanda cha jirani. Angenyoosha mkono angemgusa. Badala yake Pasi akamwinamia mgonjwa.

"Bibi, mwambie nesi wako unapasuliwa leo, usile kitu."

Akaondoka. Bibi alikuwa ametoka kuchomwa sindano ya maumivu, akapitiwa na usingizi. Alipoamka, Mama Pacha akamnywesha chai ya maziwa na kumlisha mkate. Daktari wa usingizi aliposikia ameshakula, akakataa kumgusa.

Nikawaita wote wawili pale kitandani.

"Mimi nilisema," Pasi akauambia ukuta.

"Mimi sijaambiwa," Mama Pacha akaliambia dirisha.

"Sasa tarishi wenu ni huyu mwenye nyonga iliyovunjika?" nikauliza. Kichwa kilikuwa kinaniwaka na nilikuwa na maneno mengi ya kumwaga, ila bibi akanivuta sare.

"Usiwagombeze, mwanangu. Mimi nilidhani nimewaudhi. Kila anayekuja amefunga uso, mara mwambie yule, mara mwambie huyu. Nimebanwa na mkojo toka alfajiri, naona haya kuwaomba chombo."

Mama Pacha akaenda kuchukua chombo, na Pasi akavuta pazia bila kuambiwa. Mimi nikashika simu, nikawabembeleza madaktari mpaka ulimi ukanikauka. Wakakubali bibi awe wa mwisho, alasiri, na asionje hata tone la kitu.

Muda ulipofika nikasema watampeleka wao wawili, si mwingine.

"Mwambie ashike nyuma," Mama Pacha akaniambia.

"Una mdomo. Mwambie mwenyewe."

Mama Pacha akashika mbele, Pasi akashika nyuma, wakaondoka kimya. Machela ile haiendi kwa kimya. Wa nyuma haoni ukuta na wa mbele hana nguvu ya kuigeuza, na ikigonga, anayeumia ni nyonga ya bibi. Pale mlangoni ikavuta kushoto, ikagusa kizingiti. Bibi akaguna, akafumba macho.

"Rudisha kulia kidogo," Mama Pacha akasema kwa sauti ya chini.

Bibi akafumbua macho. Kwa mazoea akageuza shingo kumtafuta Pasi nyuma yake.

"Anasema urudishe kulia, mjukuu wangu."

"Nimemsikia, bibi," Pasi akasema, akarudisha kulia.