Kijiji cha Pili

Daktari Severini alikuwa mtu mnyofu, na unyofu wake ndio uliomponza. Enzi zile za Azimio, mkubwa akimpendelea nduguye alisemwa mpaka kwenye mkutano wa kijiji, na Severini hakutaka kusemwa. Alikuwa mtoto wa Uluguru aliyesomeshwa na mapadri, akavuka bahari, akarudi Morogoro na shahada, gari la serikali na nia moja moyoni: kuikomesha homa ya papasi.

Homa hiyo iliwangoja watu wa milimani huku bondeni. Walipoteremshwa kwenye vijiji vya ujamaa, mbegu zao za kabichi zimefungwa kwenye pindo za kanga, walipewa nyumba za udongo zilizokwisha kulaliwa na wengine. Papasi, wale kupe wa majumbani, walijificha kwenye nyufa za sakafu. Usiku walitoka, wakanyonya damu, wakarudi. Asubuhi mtu haoni kitu, baada ya siku chache anatetemeka.

Severini akachagua vijiji viwili vinavyotazamana, mto katikati. Cha kwanza kingepulizwa dawa. Cha pili kingeachwa mpaka mwisho wa masika, ndipo ijulikane kama dawa inafaa kweli au ni maneno tu. Na katika kijiji hicho cha pili aliishi dada yake mkubwa, Filomena, pamoja na binti yake Cecilia, aliyekuwa na mimba ya kwanza.

Filomena alimfuata kwenye gari. "Mdogo wangu, nipulizie chumba kimoja tu. Kile anacholala Cecilia."

"Dada, nikipuliza kwako, jirani atasema daktari kaleta dawa ya ukoo wake. Na kazi nzima itaharibika."

"Jirani hana mimba."

"Masika yakiisha nitapuliza kijiji kizima. Vumilia kidogo."

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akishasema, maneno yamekwisha. Filomena akarudi jikoni. Severini akaondoka akijiona safi. Tusimnyime haki yake: ilimuuma. Lakini aliuchukua uchungu ule kuwa ushahidi kwamba ametenda haki, na hapo ndipo alipopotea njia.

Mvua zikalichukua daraja. Cecilia akashikwa na homa, ikamwachia, watu wakamshukuru Mungu, ikamrudia. Walipofanikiwa kumvusha kwa machela hadi zahanati, mtoto alikuwa ameshatoka, mfu. Cecilia akamfuata siku hiyohiyo.

Mazishini akaja Stambuli, mtani wa ukoo wao. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote msibani, wala hakasirikiwi; anayenuna ndiye anayejiaibisha. Stambuli akalitoa koti jeupe la Severini garini, akalivaa, akashika kipande cha mwanzi kana kwamba ni bomba la dawa, akawapitia waombolezaji mmoja mmoja. "Pssss, wewe. Pssss, na wewe." Alipofika mbele ya Filomena akasimama, akakunja uso kisomi.

"Huyu tusimpulize!" akasema. "Tukimpuliza, tutajuaje?"

Watu wakacheka, hata wachimba kaburi. Severini naye akacheka, kama mila inavyotaka. Alicheka mpaka akashika mti asianguke. Filomena hakucheka.

Masika yalipokwisha Severini alikipuliza kijiji cha pili, nyumba kwa nyumba, kwa mkono wake mwenyewe, na homa ikakoma huko pia. Kisha akaandika. Cecilia akaingia kwenye hesabu ya waliokufa, pamoja na wenzake. Makala yakachapwa Uingereza, na tangu hapo kila aliyeandika juu ya papasi, awe Msumbiji au Marekani, alimtaja Severini. Dawa ikapulizwa katika nchi ambazo hakuwahi kuzikanyaga, watu wakapona, na hilo halina ubishi. Wageni waliokuja Morogoro kumpa mkono walisifu jambo moja: kijiji cha pili. Watafiti wengine, walisema, walikosa moyo wa kukiacha kijiji hivihivi, ndiyo maana kazi zao hazitajwi na mtu.

Severini aliwashukuru, akawakaribisha chai. Usingizi ulikuwa umemhama siku nyingi.

Siku alipopewa uprofesa alipanda mlimani kwa Filomena, aliyekuwa amekwisha kurudi kwenye kabichi zake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Akamweleza, kwa sauti ya mtu anayeomba, kwamba kazi ile imeokoa watu wengi, kwamba sasa inatajwa dunia nzima. Filomena aliendelea kupalilia.

"Cecilia wanamtaja?"

"Hapana, dada. Majina ya wagonjwa hayaandikwi. Wananitaja mimi."

Filomena akainuka, akauegemea mpini wa jembe, akamtazama vizuri.

"Hawajakosea," akasema. "Ni wewe."

Severini akageuka huku na huku, akitafuta wa kucheka. Stambuli alikwisha kufa, na pale shambani hapakuwa na mtani mwingine.