Maoni Yenu Tumeyachukua

Mkutano uliitishwa asubuhi, lakini wageni walifika jua likiwa la utosi. Kina mama waliokaa chini kwenye uwanja wa netiboli walikuwa wamejifunika vitenge kichwani kujikinga na vumbi. Viti vya plastiki vilivyopangwa chini ya turubai vilikuwa bado vitupu, vimezungushiwa utepe ili mtu wa mtaani asije akavikalia.

Fortunata alikaa mbele kabisa. Siku hiyo hakufungua kibanda chake cha chipsi. Mafuta ya jana yalikuwa yameganda kwenye karai. Mwenyekiti wa mtaa, Hezron, alikuwa amemwomba apite nyumba kwa nyumba kuwaita watu, kwa kuwa wanawake humsikiliza. Ndiye aliyewafundisha binti zao netiboli kila jioni katika uwanja huo wa kituo cha burudani, bila kulipwa na mtu. Tunduma haina nafasi. Kila penye uwazi pameegeshwa lori linalosubiri kuvuka kwenda Zambia. Mama aliyeshinda mpakani akiuza nyanya alijua kwamba mpaka atakaporudi, binti yake yuko kwa Fortunata, Mama Brenda kama walivyomwita, anarusha mpira, hayuko kwenye baa za madereva.

Kwa hiyo aliposikia kwamba kituo kitapanuliwa na wananchi wataulizwa wanataka nini, aliamini. Jirani yake Marta alikataa mwanzoni, akasema hizo kazi za kukaa juani kuwapigia watu makofi amezichoka. Fortunata alimrudia, akamsihi, mpaka Marta akafunga genge lake akaja.

Afisa wa mradi aliitwa Efraimu. Alizungumza kwa upole, akasema mradi ni wa wananchi na bila wao hakuna kitakachofanyika. Kisha mchoro ukafunuliwa. Upepo ukaupiga, ikabidi dereva wake aushike kwa mikono miwili. Kulikuwa na ukumbi wa harusi, bwawa la kuogelea, mgahawa wa ghorofa. Fortunata aliutafuta uwanja wa netiboli, hakuuona. Mahali alipokuwa amekaa palichorwa magari madogo meupe, yamepangwa vizuri.

Efraimu akauliza nani ana neno. Mikono ikanyooka, wa Fortunata ukiwa wa kwanza. Mpiga picha akasogea, akachuchumaa, akapiga. Mzee Yonasi akapewa nafasi, akaomba choo cha umma. Mwingine akasimama kushukuru. Mkono wa Fortunata ulikuwa bado juu Hezron aliposema muda umekwisha, watu wakapokee soda.

Hakwenda kwenye soda. Alimfuata Efraimu mpaka kwenye gari.

“Samahani mheshimiwa, uwanja wa watoto uko wapi kwenye ule mchoro?”

“Mama, maoni yenu tumeyachukua.”

“Mimi sijasema bado.”

Efraimu alitabasamu, akafungua mlango wa gari. “Mchoro ulishapitishwa tangu mwaka jana, mama yangu. Leo ilikuwa hatua ya kuwashirikisha.”

Mabati yalizungushwa uwanjani wakati mahindi mapya kutoka Iyula yanaanza kuingia sokoni. Wasichana walifika jioni na mpira wao wakakuta mlinzi, naye akawaambia warudi nyumbani. Juu ya geti kulikuwa na bango kubwa: wanawake wa mtaa, mikono juu, na Fortunata katikati, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayeshangilia. Chini yake waliandika: *Wananchi wakiridhia upanuzi wa kituo chao.*

Marta hakumgombeza. Alisimama mbele ya kibanda cha chipsi, akangoja mteja aondoke.

“Ulinitoa gengeni nije kukushuhudia ukikubali?”

Fortunata alieleza kwamba alikuwa anaomba kuuliza. Aliposema kwa sauti, hata yeye aliliona neno lake lilivyo dogo mbele ya bango lile. Marta alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema binti yake, Leah, hatakuja tena mazoezini. Atakuwa anakwenda naye mpakani kubeba matenga. Wiki hiyo hiyo wengine wawili wakaacha, na mama zao wakawa wanapita upande wa pili wa barabara.

Akaenda kwa Hezron. Alimkuta ofisini anakula mihogo. Akamwambia lile bango lishushwe, maana linamsingizia uongo.

“Ulinyoosha mkono, hukunyoosha?” Hezron aliuliza.

“Nilinyoosha ili niulize.”

“Picha haijaandika hivyo, Mama Brenda.” Akafuta vidole. “Na usinitafutie maneno. Mradi kama huu ukipelekwa Vwawa, ninyi ndio wa kwanza kulia. Kituo kikiisha, watoto watalipa kiingilio kama wengine, watacheza.”

Alimuuliza watacheza wapi, maana hakuna uwanja. Hezron alimtazama kama anayemhurumia, akatoa fulana mpya iliyokunjwa kwenye mfuko wa nailoni, yenye maandishi kifuani: *Kituo Chetu, Mawazo Yetu.* Akamwambia aivae siku ya jiwe la msingi, atazungumza kwa niaba ya wanawake. Hotuba ataandikiwa.

Fortunata aliiacha mezani. Jioni mjumbe akamletea nyumbani.

Wasichana waliobaki hawakutaka kuacha. Binti yake Brenda na wenzake walikunja waya mnene ukawa duara, wakaufunga nyuma ya lori lililokuwa kwenye foleni karibu na kibanda. Dereva wake, Mzambia, alikuwa amekaa hapo siku nyingi akisubiri kibali. Asubuhi alimsalimu Fortunata “Muli shani, mayo,” na jioni alihesabu magoli kwa Kibemba, akicheka. Walicheza juu ya lami iliyopasuka, katikati ya harufu ya dizeli, mpira ukiingia chini ya magurudumu na mmoja wao akitambaa kuufuata. Fortunata alikataza hilo. Akapiga kelele, akakataza tena, kisha akaanza kutambaa mwenyewe.

Jioni moja alikuwa huko chini, tumbo kwenye lami, mkono umegusa mpira, honi zilipoanza kulia mbele. Foleni ilikuwa imefunguliwa. Aliburuta magoti akatoka, na injini ikanguruma juu ya kichwa chake. Lori likaondoka taratibu kuelekea forodhani, duara la waya likining'inia nyuma, na wasichana wakalikimbilia, wakiendelea kurusha.