Wimbo wa Haraka wa Vénuste

Watu wa Gisenyi wana tabia moja inayonichosha: wakileta kitu kwa fundi, wanamficha ugonjwa. Redio imezama kwenye beseni la nguo, lakini mwenyewe anaapa kwamba ililala nzima na asubuhi ikaamka bubu. Mimi Twahir nimekaa kwenye baraza hili, mtaa wa Waislamu nyuma ya soko, tangu kabla ya vita, na sijapata bado mteja aliyenieleza ukweli bila kubanwa. Kwa hiyo mzee Habineza alipokuja na kigemu cha mkononi, kimashine cha kuchezea michezo, amekifunga kwenye kipande cha kitenge, nilimtazama kwa jicho la pembeni.

"Hii jeu haichaji," akasema. "Inawaka kidogo, inakufa."

"Imefanywa nini?"

"Hakuna kitu. Ni ya mutoto."

Sikumbana zaidi, maana mtoto mwenyewe nilimjua, na habari yake mji mzima uliijua. Habineza ni mvuvi wa sambaza, dagaa wa ziwani, kule Nyamyumba. Mwaka huo wa tisini na tisa, mvua za masika zilipoanza, dhoruba iliwakuta katikati ya ziwa, mitumbwi yao mitatu imefungwa pamoja kwa miti kama kawaida. Wenzake walishika miti wakapona. Mwanawe Vénuste, kijana aliyeanza tu kuota ndevu, alitupwa majini, na ziwa halikumrudisha. Walimtafuta ufukweni mpaka upande wa Goma, wakarudi mikono mitupu.

Kwetu msiba una mlango wa kutokea. Siku ikifika, jamaa na majirani wanakusanyika, wanakunywa bia ya mtama, sisi Waislamu tunapewa soda yetu pembeni, na mkubwa wa nyumba anatamka kwamba kilio kimekwisha. Wanyarwanda wanaiita siku hiyo gukura ikiriyo, kuondoa kilio. Kuanzia hapo mtu anarudi shambani, anarudi ziwani, na binti wa nyumba anaweza kuposwa. Nyumba ya Habineza ilikuwa haijatoka kwenye mlango huo. Mzee alikuwa hajagusa kasia miezi yote hiyo. Binti yao Umutesi alikuwa na mchumba, Straton wa Bugeshi, kijana wa viazi na ng'ombe, na watu wa Straton walikuwa wameanza kuulizana kama hakuna wasichana kwingine. Aliyezuia ni mama yake Vénuste, Xavérine. Alikuwa akisema: hatujazika mtu, tutafunga kilio cha nani?

"Sasa na hii jeu?" nikamwuliza mzee.

Akakaa kwenye benchi langu, akatazama miguu yake. "Vénuste akitoka ziwani asubuhi, alikuwaka hapana ingia nyumba mara moja. Anakaa nyuma, juu ya jiwe, anacheza. Mama yake iko kitandani, anasikia ule wimbo kwenye ukuta, anajua mutoto amefika. Njo analala vizuri. Bon. Amesema, aisikie tena mara moja. Akiisha kusikia, tutafunga kilio."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni fundi wa redio na pasi, si mganga wa mioyo ya watu. Badala yake nilikipokea kigemu kwa mikono miwili, nikamwambia arudi baada ya siku mbili.

Kazi ya fundi huanzia mbali ikasogea karibu. Kwanza nilipima chaja kwa mita: ilitoa umeme wake sawasawa. Nikapima waya, nikaukunja huku na huku mahali nyaya zinapopenda kukatika: mzima. Tundu la ubavuni, pale unapochomekwa waya, lilikuwa limelegea kidogo, nikaligusa kwa lehemu. Ikabaki betri yenyewe, ile ya kuchaji, ya umbo la kipande cha sabuni. Nilipoitoa kwenye mfuko wake nikaona imefura, ganda limepinda, na kando yake umetoka unga mweupe. Niliichaji nusu siku. Ilipata joto, lakini umeme haikushika, sawa na kujaza maji kwenye kapu. Betri haiharibiki vile kwa kuzeeka tu. Ilikuwa imepikwa.

Mzee aliporudi alikuja na mkewe. Xavérine ni mwanamke mrefu, kichwa kimenyolewa kwa msiba, na macho yake hayakukaa juu ya kitu chochote. Nilimwekea kiti, nikamwonyesha betri.

"Mama, hii iliwekwa kwenye moto. Na nani?"

Mumewe akamtazama kwa mshangao, nikajua hata yeye hakuambiwa. Nilikuwa na methali yangu mdomoni, ile ninayowarushia wateja kila siku, mficha uchi hazai. Ilikuwa imefika kwenye ulimi kabisa nilipokumbuka ninazungumza na nani. Niliimeza, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo.

"Mi nilipeleka kule kwa maji ya moto," akasema mwishowe. "Betri ya redio ikichoka, tunaiwekaka juu ya mawe, inapata nguvu tena. Wote tunafanyaka vile. Nilijua na hii ni vile vile. Nilikaa nayo kutoka asubuhi. Nikarudisha ndani, haikuwaka." Akafunika mdomo kwa kitenge. "Mi njo niliiua."

Kule Nyamyumba, kwenye chemchemi za moto, utakuta kina mama wanachemsha viazi, wazee wanatia magoti majini, na pembeni, juu ya mawe, betri za redio zimepangwa zikiota joto. Na kweli, betri kavu ikipata joto inaamka kidogo, habari za jioni zinasikika. Lakini betri ya kuchaji ni mnyama mwingine. Nilimwambia hivyo, nikamwambia pia kwamba ilikuwa imechoka tayari kabla hajaigusa. Hilo la pili sikuwa na uhakika nalo, ila nilisema kwa sauti ya fundi, na alionekana kulipokea.

"Haidhuru," nikasema. "Tutatia betri kavu. Kesho kutwa mje msikie."

Nilipofungua mgongo wa kigemu nilielewa kwa nini kilikuwa na njaa vile. Ndani ya mashine hizi mna kipande kidogo cha bati, mafundi tunakiita kristali, na ndicho kinachopiga mapigo ya kila kitu: picha, mwendo, wimbo. Cha asili kilikuwa kimetolewa, kikatiwa kingine chenye mapigo ya haraka zaidi, kwa lehemu ya mtu asiye na subira. Fundi fulani wa Goma, bila shaka, kwa ombi la Vénuste. Vijana walipenda hivyo wakati ule. Mchezo unakwenda mbio, mikono inatoka jasho, wenzako hawakuwezi. Wanachosahau ni kwamba mashine inayokimbizwa inakula zaidi, na umeme ukipungua kidogo tu inaanguka. Kibao kidogo kinachogawa umeme ndani yake kilikuwa kimeungua pembeni, rangi ya chai. Haraka haraka haina baraka, nikajisemea, nikatafuta dawa iliyo rahisi.

Kristali ya asili ilikuwamo mle mle, imefungwa kwa plastiki na kubanwa kwenye kona. Nikairudisha mahali pake. Nikasugua vyuma vya betri kwa ndimu mpaka kutu ikatoka, nikatia betri nne mpya, nikawasha. Taa nyekundu ikashika, picha ikatulia, wimbo ukapiga robo saa nzima bila kukatika. Nilifurahi kama mpumbavu. Nilifuta hata alama za vidole vya kijana kwenye kioo.

Wakaja. Xavérine alikaa kwenye kiti kile kile, mikono juu ya mapaja. Niliwasha, nikampa. Wimbo ukatoka, wa taratibu, mzuri, kila noti mahali pake. Alisikiliza akiwa ameinamisha shingo. Mzee alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimwone.

Mama akanirudishia.

"Si yeye," akasema.

"Mama, ni yenyewe. Ni mashine ile ile."

"Huyu ni mutoto wa mutu mwingine. Wa kwangu alikuwaka na haraka." Akasimama. "Asante, fundi. Umeteseka bure."

Nitasema ukweli, nilikasirika. Nilikuwa nimeifanya kazi safi, mashine imepona kuliko ilivyokuwa siku zake zote, na shukrani yenyewe ndiyo hii. Nilifungua mdomo nimweleze mambo ya umeme. Halafu nikamwona mzee Habineza anamfuata mkewe barazani, anamshika kiwiko asiteleze kwenye ngazi, na hasira ikanitoka yote. Waliotangulia walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nilikuwa nimeisema methali hiyo kwenye misiba ya watu mara nyingi, bila kuijua.

Niliwakimbilia mpaka kwenye kona ya soko.

"Mama, nitairudisha haraka yake. Lakini nisikilize. Kile kibao cha ndani kimeungua. Ikiwaka vile alivyoitaka Vénuste, inaweza kufa mkononi mwangu, na ikifa haiamki. Hii uliyoisikia leo ingekaa na wewe miaka. Ile nyingine, siwezi kukuahidi hata mara mbili."

Alifikiri. Watu walikuwa wanatupita na makapu ya samaki.

"Donc iwake mara moja," akasema. "Lakini si hapa. Kule nyumbani, pale alikuwaka anakaa. Na asubuhi."

Nikaitia tena kristali ya haraka. Kwa betri ndogo ilionyesha picha, ikapiga noti chache, ikazimika, mara zote. Zile betri hazikuwa na kifua. Nikanunua nne kubwa za tochi, zile nene, nikazilehemu pamoja mfululizo, nikavuta waya mnene mpaka kwenye tundu la ubavuni. Nikawasha kwa muda mfupi tu wa kuhakikisha, mkono juu ya kibao nisikie joto lake, na nikazima haraka. Ilikuwa inakimbia. Sauti ilikuwa nyembamba na juu juu, wimbo umekunjwa, noti zinakanyagana. Nilifikiri: kijana gani anapenda kelele hii? Na kwa kufikiri hivyo tu nilihisi nimemwona.

Niliswali alfajiri, nikachukua pikipiki mpaka Nyamyumba. Mitumbwi ilikuwa inarudi, waliomo wakiimba, wanawake wa samaki wakingoja na ndoo. Mzee Habineza alinipokea njiani, akanizungusha nyuma ya nyumba. Lilikuwapo jiwe bapa, limelainishwa na kukaliwa, na mbele yake ukuta wa udongo wenye kidirisha kidogo kilichofungwa kwa ubao. Mama alikuwa upande wa pili, kitandani, kama alivyotaka.

Nikakaa. Nikachomeka waya. Nikawasha.

Wimbo ukatoka mbio, ukagonga ukuta. Kibao kilianza kupata moto chini ya vidole vyangu papo hapo. Sikujua kucheza, nikauacha wimbo ujirudie. Mzee alisimama kando yangu, kofia mkononi.

Ndani kitanda kikalia. Halafu sauti ya Xavérine ikaja kupitia ule ubao, si sauti niliyoisikia kwenye baraza langu. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyelala usingizi mzuri, yenye kisirani kidogo cha asubuhi.

"Vénuste, ingia. Chakula iko kwenye moto."

Mzee Habineza akanishika bega, kwa nguvu, akaniumiza. Wimbo ulizunguka, ukaanza upya.

"Vénuste," akaita tena. "Ingia, mutoto. Inapoa."

Nilikuwa mahali pa mtu mwingine, juu ya jiwe lake, na mama yake ananiita, na jibu lolote lingekuwa uongo. Niliangalia taa nyekundu. Ilikuwa bado inawaka vizuri.

Mlango ukafunguka upande wa pili. Akazunguka nyumba taratibu, miguu mitupu, akaja mpaka mbele yangu. Akanitazama mimi kwanza, uso wangu, ndevu zangu, kofia yangu ya Kiislamu, kama anayehakikisha. Akaitazama mashine inayopiga kelele kwenye mapaja yangu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Mama, bado ina nguvu," nikamwambia. "Ukiizima sina hakika kama itawaka tena."

"Najua."

Akainama, akatafuta swichi kwa kidole, akaizima mwenyewe.

"Angekuwa iko, angeingia," akasema. Akasimama kidogo, kisha akamgeukia mumewe. "Habineza, ita watu. Tufunge kilio."

Mzee akakaa chini kwenye udongo pale pale na kulia kwa sauti, na mkewe akakaa kando yake akamshika mkono.